Kuita na Kuitikia: Jinsi Watu Wanavyofungamana

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyofanywa mbele ya wanachama na wageni wao. Yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo zimeachwa.)



Nimeombwa niseme habari za urafiki na mapenzi. Naona wengine wanacheka. Najua mnavyofikiri: tumekuja kusikia habari za bei ya mazao na za shule, na huyu ataka kutuimbia taarabu! Chekeni, lakini nisikilizeni. Chama cha ushirika kikivunjika, mara nyingi si hesabu iliyokivunja. Kimevunjwa na watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi, kisha wakaacha. Nyumba ni vivyo hivyo. Hata katika mkutano huu wa leo, wako waliokuja si kwa ajili yangu mimi, bali kwa kuwa jirani amewapitia akawaambia, "Twende." Basi haya si mambo ya mchezo.

Iko elimu inayochungua moyo na akili za watu. Zamani tuliiita elimu ya nafsi, na siku hizi wengi husema saikolojia. Ina vitabu vingi, na baadhi ya yaliyomo ni yale yale waliyoyajua bibi zetu, yamevishwa suti na tai. Lakini liko jambo moja ndani yake ambalo limetazamwa kwa macho na kuhesabiwa, tena sehemu yake ya kwanza ilihesabiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Jambo lenyewe ni hili: watu hufungamana kwa kuitikiwa. Mmoja huita, mwenziwe huitika. Kesho huita tena, akaitikiwa tena. Na baada ya miaka twasema, hawa ni ndugu. Mapenzi yaliyofungiwa moyoni, yasiyotoka nje kujibu mtu, hayamfungi mtu.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Mgeni hufika mlangoni akapiga hodi, naye hangoji mlango, angoja sauti. Akiita mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake, wala hakuna wa kumlaumu. Mwenye kutoa hadithi hawezi kuanza kabla watu hawajaitika. Mtoto wa pwani akiitwa na mkubwa, wa kike husema "Abee," wa kiume "Naam". Na akinyamaza, jioni ataulizwa vizuri masikio yake yalikuwa wapi. Tumewafundisha watoto wetu kuitika tangu hawajamaliza kuota meno. Sasa nawauliza: mtoto naye akiita, nani humwitika?

Mwaka 1954 bibi mmoja aliyekulia Kanada, jina lake Mary Ainsworth, alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi katika taasisi ya uchunguzi iliyokuwako huko. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi, ametoka London alikofanya kazi na daktari John Bowlby. Daktari huyo alikuwa akifundisha jambo lililowaudhi wakubwa wa elimu yake. Wao walisema mtoto mchanga humpenda mama kwa ajili ya maziwa, kama paka anavyompenda mpishi. Yeye akasema sivyo. Mtoto huzaliwa na haja ya kuwa na mtu wa kumkimbilia, na haja hiyo ni ya namna yake, mbali na njaa. Bibi Ainsworth mwenyewe hakuwa ameamini sawasawa.

Akatafuta nyumba katika vijiji vya Waganda karibu na mji. Akapata nyumba 26 zenye watoto wadogo 28. Akawa anazizuru kila baada ya majuma mawili, saa mbili hivi kila safari, kwa miezi mingi, yeye na msaidizi na mkalimani wake, Bibi Katie Kibuka. Hakugawa karatasi za maswali ya kutia alama. Alikaa ndani na akina mama, akazungumza nao, akatazama. Kutazama ni kazi, ndugu zangu, na wengi wetu tunaolea hatujapata kuifanya hata nusu saa.

Aliona nini? Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, akaenda kuchungulia kitu, akageuka nyuma kumtazama, akaenda tena mbele kidogo, kisha akarudi kumgusa, akaenda tena. Mama alikuwa kama bandari. Chombo hutoka kwenda mbali kwa sababu kinajua pa kurudi. Mgeni akiingia, mtoto hukimbilia bandarini. Watoto zaidi ya nusu walikuwa hivyo, nao hawakulia sana. Lakini wengine walilia mara kwa mara, hata wakiwa mikononi mwa mama, kana kwamba hawajui kama bandari itakuwapo kesho. Na wachache walikuwa hawajaonyesha bado kumtambua mama kuliko watu wengine.

Hapa ndipo penye utamu wa habari. Yule bibi akauliza: ni nini kinachowatenganisha watoto hawa? Maana kijiji kilikuwa cha namna moja, ndizi zile zile, desturi zile zile. Akapima hiki na kile. Wingi wa walezi haukuwatenganisha. Mtoto aliyepakatwa na shangazi, dada na bibi hakupungukiwa kwa ajili hiyo. Kunyonyesha kwa saa au kwa kila akitaka, haikuwa sababu. Hata ukunjufu wa mama haukuwatenganisha, kwa kuwa karibu akina mama wote walikuwa wakunjufu kwa watoto wao. Vilivyowatenganisha vilikuwa vitatu: mama alikuwa pamoja na mtoto wake kwa kiasi gani, alifurahia kumnyonyesha au hakufurahia, na cha tatu ndicho kilichonishangaza mimi niliposoma. Alipoulizwa habari za mtoto, alijibuje? Wako akina mama waliojibu bila kuvutwa ulimi: huyu hulala akishikwa sikio, huyu hapendi kuogeshwa kwa maji ya moto, huyu akisikia sauti ya kaka yake hugeuza shingo. Watoto wa akina mama hao ndio waliotulia. Maana mtu hawezi kueleza kwa undani asichokitazama, na asichokitazama hawezi kukiitika.

Kitabu chake juu ya habari hizo kilitoka 1967.

Hapo mzalendo hupenda kupiga kifua. Husema: mmeona! Na kweli tuna haki ya kucheka kidogo. Mwaka 1928 bwana mmoja mkubwa wa elimu hii huko Marekani, John B. Watson, aliandika kitabu akiwaonya wazazi wasiwapakate watoto wala kuwabusubusu. Asubuhi wapeane nao mikono, kama makarani wawili ofisini! Na huko New Zealand daktari Truby King alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kwa saa ya ukutani, na usiku asipewe kitu hata akilia. Mafundisho ya namna hiyo yalisambaa mbali. Lakini polepole na vifua vyetu. Bibi Ainsworth hakuwapata watoto wote 28 wametulia. Desturi nzuri ilikuwa ya wote, na matokeo hayakuwa ya wote. Desturi haimlei mtoto. Anayemlea ni mtu, siku kwa siku, na mtu aweza kuwa Mganda au Mswahili wa kabila bora kuliko yote, na bado asiitike.

Tena wako waliokwenda Marekani na nadharia hiyo wakaifanya kubwa kupita kiasi, wakasema lazima mama atazamane na mtoto macho kwa macho, aseme naye na kucheka naye, ndipo apendwe. Katika miaka ya 1970 Bwana Robert LeVine na wenziwe walikaa na Wakisii, Kenya. Waliwaona akina mama ambao hawazungumzi sana na mtoto mchanga wala kumkodolea macho. Lakini mtoto akilia, mkono ulimfika upesi, upesi kuliko ule wa mama wa Kimarekani. Kwa hiyo kuitikia kuna lugha nyingi. Mmoja huitikia kwa maneno, mwingine kwa mgongo na kanga.

Mtauliza: mtoto akikimbiliwa kila akilia, hatadeka? Bibi Ainsworth alipohamia Baltimore alilipima swali hilo pia, na mwaka 1972 yeye na mwenziwe Silvia Bell walitoa jibu: watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwisho wa mwaka, na walioachwa walie ndio waliozidi kulia. Wako waliozipinga hesabu hizo baadaye, wakaonyesha kwamba manung'uniko madogo hayana haja ya kukimbiliwa kila mara. Nami naona wana haki. Mama si mtumishi wa kengele. Lakini yale maneno kwamba kumwitika mtoto ni kumharibu, hayo hayajapata ushahidi wa kusimama nao.

Sasa nataka niseme juu ya mtoto anayenyamaza, maana huyo hutudanganya.

Zamani katika hospitali za Uingereza wazazi walizuiwa kuwazuru watoto wao ila kwa saa chache za juma, na mahali pengine walizuiwa kabisa. Wauguzi walikuwa na sababu yao: mama akija, mtoto hulia, asipokuja, mtoto hutulia. James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na Bowlby, alikaa wodini akatazama. Akaona mtoto huanza kwa kulia na kuita. Baada ya siku kadhaa huacha kuita, akawa mnyonge, amelala tu. Kisha huchangamka, hucheza na wauguzi, na watu husema, amezoea. Mama akija siku hiyo, mtoto humtazama kama mgeni. Mwaka 1952 Robertson alitengeneza filamu ya msichana wa miaka 2 na miezi yake, aliyelazwa siku 8 kwa operesheni ndogo, ili madaktari waone kwa macho yao. Wengi walikasirika. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto hospitalini bila vizuizi vile.

Mtoto yule wa wodini hakuwa amezoea. Alikuwa amepiga hodi mara tatu. Na mke aliyeacha kulalamika nyumbani, je? Na mwanachama aliyeacha kubisha mkutanoni, anakaa nyuma, ananyosha mkono pamoja na wenziwe na kwenda zake? Mwenyekiti husema, siku hizi tuna amani. Namwomba Mwenyekiti wetu anisamehe, simsemi yeye.

Liko na jaribio moja fupi sana ambalo kila mwenye simu ya mkononi yafaa alijue. Mwaka 1978 Bwana Edward Tronick wa Marekani na wenziwe walichapisha habari zake. Mama hukaa mbele ya mtoto wake mchanga, wakacheka na kucheza kama kawaida. Kisha mama huambiwa aufanye uso wake kama jiwe, asitabasamu, asijibu, kwa dakika chache tu. Mtoto hutabasamu ili amrudishe. Hapati kitu. Hutabasamu tena, hujinyosha mbele. Kisha hugeuza uso, na wengine hulia. Mama hakuondoka, hakugombeza, hakupiga. Alikuwapo, ila hakuitika. Sasa tazameni chumba chochote jioni, baba na mama wameinamia kioo cha simu, na mtoto anawavuta nguo.

Je, watu wazima nao wako hivyo? Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walitoa habari za uchunguzi walioufanya kwa njia ninayoipenda, kwa kuwa waliufanya kwa gazeti. Walichapisha maswali juu ya mapenzi katika gazeti la mji wa Denver, wasomaji wakajibu. Kati ya 620 waliohesabiwa, wapatao 56 katika kila 100 walisema wao hukaa karibu na mtu bila taabu. Wapatao 25 walisema mtu akiwakaribia sana huona dhiki. Na 19 walisema hutaka karibu zaidi kuliko mwenziwe anavyotaka, na huogopa kuachwa. Makundi matatu, na wao ni watu wenye ndevu na hereni! Hesabu hiyo ni ya Denver, si ya Tanga wala Mombasa, na wasomaji wanaojibu magazeti ni watu wa namna yao. Lakini kila mmoja hapa ameshajiweka katika kundi lake kimoyomoyo, naona nyuso.

Katika ndoa, mwenzao John Gottman aliwaalika maarusi 130 mmoja baada ya mwingine wakae katika nyumba ndogo huko Seattle, nao wakatazamwa wakiishi. Hakutafuta ugomvi mkubwa. Alihesabu vitu vidogo. Mke asema, tazama mashua ile. Je, mume hutazama? Mume asema, leo mgongo waniuma. Je, mke hujibu? Baada ya miaka 6 aliandika kwamba waliobaki pamoja walikuwa wakiitikiana mara 86 katika kila 100, na walioachana mara 33. Wanaume wenzangu, tunafikiri nyumba hulindwa kwa kodi, unga na karo. Hivyo navyo vyahitajika, wala simwambii mtu aache kununua unga. Lakini mke akisema jirani amepaka nyumba rangi, hakuleta habari za rangi. Amepiga hodi. Na mume ajibuye "mm" bila kuinua macho, hakuvunja sheria yoyote, amehesabiwa tu miongoni mwa zile mara 67.

Mwaka 2006 wataalamu wengine walichukua wake 16, wakawaweka katika mashine ipigayo picha za ubongo, wakawaambia huenda wakapigwa umeme kidogo mguuni. Wengine wangezimia! Mke akiwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari ziliwaka kwa nguvu. Akishikwa mkono na mtu asiyemjua, zilipungua kidogo. Akishikwa mkono na mumewe, zilipungua zaidi, na zaidi tena kwa wale wenye ndoa nzuri. Mkono tu, bila neno.

Nimekaa sana katika nyumba. Nitoke nje, kwa marafiki.

Urafiki hutaka saa. Bwana Jeffrey Hall wa Kansas alihesabu, 2018, akasema mtu mgeni huwa rafiki wa juu juu baada ya saa kama 50 za kukaa pamoja, rafiki wa kweli baada ya 90 hivi, na rafiki wa ndani baada ya zaidi ya 200. Pigeni hesabu. Ukikaa barazani na mtu saa moja kila jioni, saa 200 ni zaidi ya miezi sita. Wazee wa Lamu na Unguja waliojenga baraza ya mawe mbele ya nyumba hawakusoma Kansas, lakini walijua wapi saa hizo zitapatikana. Kahawa, bao, mzaha, kimya, mtu apita, Salaam alaikum, Wa alaikum salaam. Leo twajenga ukuta wa futi nane na geti la chuma, kisha twasema watu wa siku hizi hawana utu. Utu ungepitia wapi?

Twasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii ni ya kweli, na sisi ni hodari nayo. Mtu akifiwa kwetu, kabla ya saa tatu mkeka umetandikwa, sufuria zimekuja, vijana wamekwenda kuchimba. Hapo hatuna wa kutufundisha. Lakini nataka kuiongezea methali nusu yake ya pili.

Bibi Shelly Gable na wenziwe huko Marekani waliuliza swali la upande wa pili: mwenzako akija na furaha, wamjibuje? Wakaona watu hujibu kwa njia nne. Tuseme rafiki yako amekuja mbio, amepata kiwanja. Njia ya kwanza: "Alhamdulillahi! Kaa chini. Kiko wapi? Ulikipataje?" Ya pili: "Haya, hongera," nawe waendelea kukoroga chai. Ya tatu: "Kiwanja! Na maji utayatoa wapi? Huko mafuriko hayaishi." Ya nne: "Ala. Hebu nikusimulie mimi yaliyonipata jana." Katika njia hizo nne, ni ile ya kwanza tu iliyofuatana na uhusiano kuwa mzuri. Hongera baridi haikusaidia. Na katika uchunguzi wao wa 2006 juu ya wapenzi, jinsi mtu alivyoitikiwa katika habari njema ilieleza vizuri zaidi nani atabaki na nani ataachana kuliko jinsi alivyoitikiwa katika habari mbaya.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami naona limegusa kidonda chetu. Mwenzetu akiugua twajua la kufanya. Akipandishwa cheo, mtoto wake akifaulu, akiezeka nyumba kwa bati jipya, ghafula twakosa maneno. Mmoja husema, alisaidiwa. Mwingine husema, tutaona. Matokeo yake ni nini? Watu huficha furaha. Mtu hupata kazi akawaambia ndugu zake baada ya miezi mitatu; hununua shamba kimya kimya kama mwizi wa shamba. Tumewafundisha kwamba mlango wetu hufunguka kwa hodi ya machozi tu. Kisha huyo mtu akikaa mbali nasi, twasema cheo kimempanda kichwani. Wakati mwingine kweli kimempanda. Wakati mwingine alikuja na habari yake akiwa amejaa furaha, nasi tukamwuliza habari za mafuriko.

Wasidhani vijana kwamba haya ni maneno ya moyo tu. Mwaka 2010 Bibi Julianne Holt-Lunstad na wenziwe walikusanya uchunguzi 148 uliohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mafungamano mema na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi kwa nusu ile ya wasio nayo. Upweke huua, nao hauna harufu wala moshi.

Nije kwenye jambo zito, maana najua wako hapa linaowahusu.

Dada zetu wengi wamekwenda kufanya kazi Oman, Saudia na nchi nyingine za Ghuba, na watoto wamebaki na bibi zao. Wengine ni baba walio mbali miaka kwa miaka. Na nimewasikia watu wenye kusoma nusu ya kitabu wakiwatupia akina mama hao maneno ya Bowlby, kwamba mama akiondoka mtoto ameharibika. Kweli, Bowlby aliandika 1951, katika ripoti ya Shirika la Afya la Ulimwengu, maneno ambayo wengi waliyasoma hivyo. Lakini rudini Kampala. Wingi wa walezi haukumdhuru mtoto wa Kiganda. Mtoto aweza kumfanya bibi yake bandari, na wengi wetu hapa tulilelewa hivyo, wala hatukosi kitu ila fedha. Kinachomwumiza mtoto ni bandari kuhamishwahamishwa: mwaka huu kwa bibi, mwakani kwa mjomba, kisha kwa mama mdogo, kwa kuwa watu wagombania zile fedha zinazotumwa. Ninyi mliobaki na watoto wa wenzenu, msimhamishe mtoto kama mzigo. Na mtu aliye mbali akisema nitapiga simu Ijumaa jioni, mtoto hukaa karibu na ile simu tangu adhuhuri. Afadhali kumwambia mara moja kwa mwezi na ikatimia, kuliko kila Ijumaa na isitimie. Na mama huyo naye akirudi, tusimwite mgeni. Aliyelima kutwa, au aliyefua nguo za watu wengine miaka miwili, naye ana haja ya kuitikiwa. Mtu mkavu hawezi kumnywesha mwingine.

Kabla ya kuja hapa kijana mmoja aliniletea swali kwa karatasi, hakuandika jina. Ameuliza: mtu ambaye hakuitikiwa utotoni, amekwisha?

Jibu lake limechungwa huko Rumania. Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka 1989, ulimwengu uliona nyumba kubwa za serikali zilizojaa watoto wasio na mtu wa kuwaitika. Wauguzi wachache, vitanda vingi. Tangu mwaka 2000 hivi wataalamu wa Marekani na wenyeji wa Bucharest waliwafuata watoto 136 wa nyumba hizo. Kwa kupiga kura, nusu wakapelekwa kulelewa na wazazi wa kambo waliofundishwa na kulipwa, nusu wakabaki katika utaratibu wa zamani. Waliopelekwa majumbani walianza kufungamana na walezi wao. Wengi wa waliopelekwa kabla ya kufika kama miaka 2 walifungamana vizuri. Waliochelewa walipata taabu zaidi, lakini hata kati yao wako waliopata mtu wa kumkimbilia. Basi kijana, jibu ni kwamba mapema ni bora, na baadaye huchukua muda mrefu. Huyo mtu atapiga hodi kwa sauti ndogo, au atapiga kwa hasira kama mgomvi, au atapita mlangoni akijifanya hana haja. Mke wake au rafiki yake atahitaji masikio makali kuliko ya watu wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Akina mama walionyosha mikono tangu zamani waanze wao. Wanaume tutasikiliza, kisha tutafuata.